Tyubu ilifichwa, kapsuli ikazoeleka: kisa cha takrolimasi mbili nyumba moja

Mama yangu aliificha tyubu ya mjukuu wake ndani ya ndoo ya unga. Sio utani, mi mwenyewe niliikuta, naenda kuchota unga wa ugali mkono ukagusa kitu kigumu, kutoa ni ile dawa ya kupaka ya binti yangu, imefungwa kwenye kimfuko na karatasi yake ya maelezo imekunjwa mara nne. Kumbe alimwita kijana wa jirani amsomee kile Kiingereza, kijana akafika kwenye lile onyo linalotaja saratani, mama hapo hapo akafunga kesi. Na siku chache tu kabla, chumba cha pili, kaka yangu alikuwa anameza dawa yenye jina lile lile, takrolimasi, asubuhi na usiku, halafu juu yake anashushia antibayotiki aliyojinunulia dukani, na hakuna mtu hata mmoja humo ndani aliyeshtuka.

Kisa chote kiko hapo. Tuliogopa tyubu, kapsuli tukaizoea kama pipi. Ilitakiwa iwe kinyume.

Nianze na nani ni nani. Kaka alipandikizwa figo 2019 na figo yenyewe ni yangu, ya kushoto, kwa hiyo nikisema jambo hili linanihusu namaanisha kuna kipande changu kinatembea mle ndani yake. (Watu bado wanadhani lazima upande ndege kwenda India, Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017 na Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata 2018.) Anameza miligramu 2 saa 1 asubuhi na miligramu 2 saa 1 usiku, alamu yake ikilia nyumba nzima tunajua. Binti yangu ana miaka 9 na ana pumu ya ngozi tangu akiwa mchanga, inamshika kwenye kope, shingoni, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, usiku anajikuna mpaka shuka linapata madoa ya damu. Daktari wa ngozi alimwandikia takrolimasi ya kupaka ya asilimia 0.03, ambayo ndo ya watoto kuanzia miaka 2, ile ya 0.1 ni ya kuanzia miaka 16.

Sasa inakuwaje dawa ya kulinda figo iwe ndo hiyo hiyo ya kutuliza ngozi? Ilitolewa kwa bakteria wa kwenye udongo huko Tsukuba, Japani, 1984, Marekani wakairuhusu kwa waliopandikizwa ini 1994, na ya kupaka ikaruhusiwa mwisho wa 2000. Kazi yake pande zote ni moja, inakata mawasiliano ya chembe za ulinzi. Chembe ikimwona mgeni kuna kimeng'enya ndani yake kinachopeleka taarifa kwamba tumevamiwa, zaaneni, na takrolimasi inakiziba kile kimeng'enya ujumbe usifike. Mwili wa kaka haujawahi kukubali kwamba figo yangu ni ndugu, hata kama tumetoka tumbo moja, ukiacha kuuziba masikio tu unaanza kuipiga. Kwa binti yangu askari hao hao wanagombana na ngozi yake mwenyewe bila sababu ya maana.

Tofauti ni dawa inafika wapi. Ya kupaka inakaa kwenye ngozi, damuni inaingia kidogo mno, kwa wagonjwa wengi hata ukipima huioni au unaiona chini kabisa, na ngozi ikipona inaingia kidogo zaidi kwa sababu ukuta umeziba. Ya kumeza inasambaa mwili mzima, na nafasi kati ya kidogo mno na nyingi mno ni nyembamba. Kaka anatakiwa awe kati ya nanogramu 5 na 8 kwa mililita ya damu, hiyo ni kwake yeye miaka hii, miezi ya mwanzo walikuwa wanamtaka awe juu zaidi. Chini ya hapo figo inaweza kukataliwa, juu ya hapo dawa yenyewe inaanza kuiumiza figo ile ile inayoilinda.

Haya, kisa.

Ilikuwa masika, mvua za asubuhi na foleni, kaka akapata kikohozi na homa kidogo. Ijumaa katoka kazini kapita duka la dawa. Muuzaji kamuuliza una aleji na dawa yoyote, kajibu sina. Hakuulizwa unameza nini kingine na yeye hakusema, anavyojitetea ni kwamba ile ya figo "sio dawa, ni maisha yangu ya kila siku", na kwa kweli namuelewa, ukimeza kitu mara mbili kwa siku miaka yote hiyo unaacha kukiita dawa. Akapewa klarithromaisini ya miligramu 500 mara mbili kwa siku, wiki nzima, na diklofenaki ya maumivu ya mwili.

Jumapili tumbo likaanza kuharisha. Mama akatuma madafu. Mawili asubuhi, mawili jioni, "yanarudisha maji mwilini mwanangu", na ni kweli yanarudisha.

Jumanne usiku tumekaa mezani, nikasikia kitu kinagonga ti-ti-ti-ti. Kikombe chake cha chai kwenye kisosi. Nikamwangalia, akacheka, akasema baridi. Baridi gani Dar, tena na feni inazunguka. Nikachukua kalamu nikamwambia andika jina lako hapa nyuma ya boksi la dawa, akaandika, na kaka yangu ana mwandiko wa kuringia, alikuwa anaandika kadi za harusi za ukoo mzima, yale maandishi yalikuwa kama ya mtu yuko kwenye bajaji kwenye barabara ya mashimo. Nikageuza lile boksi alilokuwa ameandikia. Klarithromaisini. Hiyo ndo mara ya kwanza nalijua.

Mikono kutetemeka ndo dalili ambayo manesi wa kliniki waliturudia tangu mwanzo, mikono, kichwa kuuma, usingizi kupotea, ukiona hivyo kiwango kinaweza kuwa kimepanda. Nilikuwa nayajua. Ila nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua namba ya zimamoto.

Asubuhi saa 3 tukawa hospitali. Na hapo tukafanya kosa jingine, alamu ililia saa 1 na kaka akameza kapsuli zake kama kawaida halafu ndo tukaenda kutoa damu. Kipimo cha takrolimasi kinachukuliwa kabla ya dozi ya asubuhi, saa 12 baada ya ile ya usiku, pale dawa iko chini kabisa, ndo namba ambayo daktari anaweza kuilinganisha na za nyuma. Ukimeza halafu ukatoa damu baada ya saa mbili unapima kilele, namba inakuwa kubwa hata kwa mtu ambaye hana tatizo lolote. Daktari hakutaka hata kuichukua. Alichukua kreatinini, yani uchafu wa damuni ambao figo inatakiwa kuuchuja, na potasiamu, chumvi ambayo ikizidi inavuruga mapigo ya moyo, hizo hazisubiri. Kreatinini ya kaka huwa inacheza kwenye 112, ikatoka 178. Potasiamu 5.8. Akalazwa, klarithromaisini na diklofenaki zikasimamishwa, dozi ya usiku wakamwambia asimeze, wakamwekea dripu na mashine ya kuangalia moyo kwa sababu ya ile potasiamu.

Kesho yake asubuhi ndo damu ya kipimo chenyewe ikatoka, karibu saa 24 tangu dozi ya mwisho. Majibu yakachelewa mpaka Ijumaa jioni maana sio kila maabara inapima hiyo kitu. 21.3. Mtu ambaye hajameza siku nzima.

Imekuwaje? Nilimuuliza daktari akanichorea kwenye kipande cha karatasi ninacho mpaka leo. Kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini kuna kimeng'enya kinaitwa CYP3A4, mchukulie kama mlinzi wa geti, kila kapsuli ikipita anaivunjavunja, kwa hiyo katika kile unachokimeza ni kama robo tu kinachoingia damuni, na dozi yako ilipangwa ikijua kwamba mlinzi yupo kazini. Klarithromaisini inampiga mlinzi usingizi. Dozi haijabadilika, miligramu ni zile zile, ila inayoingia imeongezeka na inayotolewa imepungua. Erithromaisini inafanya hivyo hivyo, dawa za fangasi kama flukonazoli na ketokonazoli hivyo hivyo, na lile balungi ambalo shangazi anatuletea toka Tanga nalo hivyo hivyo, chungwa la kawaida halina shida ila balungi kaka haligusi. Nyingine zinafanya kinyume, zinaongeza walinzi getini mpaka dawa haiingii, rifampisini ya TB ndo baba lao, karbamazepini na fenitoini za kifafa zimo. Ndo maana walimpima makohozi haraka, mtu wa dawa za kushusha kinga akikohoa lazima uwaze TB, na angekutwa nayo hesabu yote ya takrolimasi ingebidi ipangwe upya na watu wa figo, sio kuanzishiwa vidonge tu na kurudi nyumbani. Hakukutwa nayo. Picha ya kifua safi. Kilikuwa kikohozi cha virusi, yani ile antibayotiki haikuwa na kazi yoyote tangu mwanzo.

Halafu zile nyingine zilizoingia bila hodi. Takrolimasi yenyewe inabana mishipa inayopeleka damu kwenye chujio la figo, diklofenaki nayo inabana hapo hapo, ibuprofeni pia, kwa hiyo figo moja inakabwa na mikono miwili. Kuharisha kunaukwangua ukuta wa utumbo pamoja na walinzi wake, dawa inapita zaidi, na maji yanapotea juu yake, jambo ambalo watu wengi wanalifikiria kinyume, wanadhani ukiharisha dawa inatoka kumbe hii kiwango kinaweza kupanda. Na madafu, masikini mama yangu, madafu yamejaa potasiamu na takrolimasi inazuia figo kuitoa. Hakuna mtu aliyefanya kitu kibaya hapo ukimwangalia peke yake. Mmoja kauza dawa ya kikohozi, mmoja kanywa, mmoja kaleta madafu.

Kwenye homa na maumivu alibakiziwa paracetamol, basi.

Sehemu ambayo mi naiona ndo ya hatari kuliko hata ile 21.3, na hamna mtu anayeizungumzia, ni baada ya hapo. Kiwango kikashuka taratibu, wakamuanzishia tena kwa dozi ndogo, miligramu 1 asubuhi na 1 usiku. Baada ya wiki, 7.1. Tukashangilia, kaka akanunua samaki. Daktari akasema rudi wiki ijayo tena. Kaka akaona huyu mtu ananisumbua, namba nzuri, mikono imetulia, ruhusa kazini zimeisha, nauli, foleni ya kutolea damu, akasema ataenda mwezi ujao. Tuligombana. Nilimwambia kama huendi rudisha figo yangu. Najua sio maneno mazuri na aliumia, lakini alienda.

3.4.

Yani mlinzi wa geti alikuwa anaamka. Klarithromaisini ikiisha mwilini mlinzi harudi siku hiyo hiyo, mwili inabidi utengeneze walinzi wapya, inachukua siku kadhaa hadi wiki na zaidi, na kadri wanavyorudi ile dozi ndogo iliyokuwa sawa Jumanne inakuwa haitoshi Jumanne ijayo. Kwa sisi Waafrika kuna la ziada, wengi tuna mlinzi wa pili, CYP3A5, aliye kazini muda wote, wenzetu wa Ulaya wengi wao huyu wa pili hafanyi kazi, kwa hiyo wengi wetu tunahitaji dozi kubwa kuliko wao ili kufikia kiwango kile kile. Angekaa mwezi mzima kwenye 3 na kitu, hana maumivu, hatetemeki, anajisikia mzima, huku askari wanaanza kuitambua figo. Kukataliwa kwa figo mara nyingi hakuumi. Unakuja kuona kreatinini. Alirudishwa miligramu 2 mara mbili, wiki iliyofuata 6.4 na kreatinini 119. Haijarudi 112. Daktari anasema tuiangalie.

Sasa nirudi kwenye ndoo ya unga.

Kaka alipolazwa mama alisikia "takrolimasi imezidi mwilini", akakumbuka jina hilo yuko nalo nyumbani kwenye kope za mjukuu wake. Kwa akili ya bibi hiyo ni hesabu rahisi. Akaificha. Lakini mtoto anajikuna, kwa hiyo jirani akamsaidia kikopo cha klobetasoli, hiyo steroidi kali ambayo mjini watu wanaichanganya kwenye mkorogo, na mama akampaka usoni. Siku tatu ngozi ikawa laini, mama akaona kumbe dawa si ndo hii. Mi niko wodini na kaka, sijui lolote. Narudi baada ya wiki mbili za kuhangaika huku na huku, mtoto ana ngozi inang'aa kama karatasi ya mafuta, vipele vidogo vidogo vimezunguka mdomo, na kope alipoacha kupaka siku mbili zikavimba kuliko mwanzo.

Daktari wa ngozi hakumgombeza mama, nampenda kwa hilo. Alimwambia, mama, ile uliyoiogopa ndo tuliichagua kwa sababu ya kope, haipunguzi unene wa ngozi, hii uliyoiamini ikizoeleka usoni inaifanya ngozi ya mtoto iwe nyembamba na karibu na jicho inaweza kupandisha presha ya jicho. Kuhusu lile onyo la saratani alisema Marekani waliliweka 2006, kutokana na wanyama waliopewa kiwango kikubwa na watu wanaomeza kama kaka. Kwa wanaomeza lina mashiko kabisa, kaka havui kofia juani na mikono mirefu anavaa hata Desemba, na kipele chochote kipya anaonyesha. Kwa wanaopaka, kuna watoto 7,954 waliofuatiliwa, wengine mpaka miaka 10, matokeo yakachapishwa 2020, saratani zilizothibitishwa zilikuwa 6, na kwa watoto wa umri huo na idadi hiyo hata wasingeigusa dawa zingetarajiwa karibu 6 hizo hizo. Saratani ya tezi za limfu (limfoma), ambayo ndo ilikuwa inaogopwa hasa, hata moja. Mama akauliza, "sita kwa sita?" Akajibiwa ndio bibi. Akanyamaza.

Haimaanishi unapaka tu kama losheni. Tunavyopaka sisi: ngozi iwe imekauka kabisa baada ya kuoga, tabaka jembamba kwenye sehemu yenye ugonjwa tu, asubuhi na jioni mpaka itulie, halafu mara mbili kwa wiki kwenye zile sehemu zinazorudi rudi. Mafuta ya kulainisha sehemu hiyo hiyo tunaachanisha saa mbili. Hatufungi na bandeji wala nailoni juu, hapo unailazimisha iingie. Jua la saa 6 anakwepa. Siku za mwanzo inawaka, binti yangu alilia siku ya kwanza na ya pili akisema pilipili, siku ya sita akasahau, wengi wanaacha hapo hapo wakidhani ni aleji. Na vikitokea vilengelenge vya maji vingi kwa pamoja na homa, tunaacha na tunaenda hospitali siku hiyo hiyo, maana virusi vya malengelenge kwenye pumu ya ngozi vinasambaa vibaya. Chanjo ya aina yoyote tunauliza kwanza, na kwa kaka zile za vijidudu hai kama homa ya manjano hapewi.

Nyumbani tumebandika karatasi moja mlangoni kwa friji, ya kaka, haina maneno mengi: jina la dawa, dozi, aina ya kapsuli, namba ya simu ya kliniki. Hilo la aina ya kapsuli lina sababu yake, kuna takrolimasi ya mara mbili kwa siku na kuna inayotoa dawa polepole ya mara moja, miligramu zinaweza kuandikwa sawa na jina sawa na bado moja sio mbadala wa nyingine bila daktari kupanga na kupima upya. Kaka kaipiga picha iko kwenye simu.

Wiki iliyopita kanipigia akiwa amesimama famasi, ukucha wa dole gumba la mguu una fangasi, kaandaliwa dawa. Akanisomea jina herufi kwa herufi, fe, le, u, ke, mi nikamwambia usilipe, nikapiga kliniki, nesi hakunisubiri nimalize, akasema aje tumwone kwanza. Nikampigia nikamwambia rudi nyumbani. Karudi mikono mitupu, kanuna, kafungua friji, kaisoma ile karatasi kana kwamba ndo iliyomkosea, halafu kaanza kulikuna lile dole.